Kadzo Mwero na Kiti cha Darubini

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, kuanzia Shimoni hadi Lunga Lunga, kaeni kitako. Leo tunamkumbuka Koplo mstaafu Kadzo Mwero, aliyezikwa juzi kwao, huko bara ya Kinango. Alikuwa fundi wa silaha jeshini. Narudia: mwanamke wa Kiduruma, mtoto wa wafugaji, fundi wa bunduki za wadunguaji.

Bunduki ya mdunguaji ina darubini. Darubini hushikwa na chuma ambacho askari hukiita kiti. Viti havifanani. Kuna kinachokazwa ubavuni kwa skrubu. Kuna kinachokaa juu, kwenye reli, ukakitoa na kukirudisha kwa kibano. Na zile bunduki za zamani, kila kiti kilipigwa tupa kwa mkono mpaka kikaikubali bunduki yake. Hiyo moja tu. Ukikitia kwenye nyengine kitaingia, naam, lakini risasi itakwenda kwengine.

Basi Kadzo akavitia alama. Kila bunduki mkato wake, na kiti chake mkato huohuo, kama wafugaji wanavyokata masikio ya mbuzi ili wajulikane. Wenzake walimcheka. Ndugu yake, Garama, aliniambia, "Dada alikuwa akija likizo anacheka mwenyewe. Anasema, kule wananiita fundi wa mbuzi."

Sasa sikilizeni. Kambini walikuwako vijana wawili wa pwani, Alfani wa Msambweni na Baya wa Galu. Asubuhi ya majaribio ya shabaha, darubini ya Baya ilikuwa imeingia ukungu. Alfani akafanya tunavyofanya kwetu, jirani akikosa mbuzi ya kukunia nazi unampa yako. "Chukua yangu, pamoja na kiti chake," akamwambia. "Hii yako nitaikausha mimi." Akaikausha, akaifunga na kiti chake kwenye bunduki yake mwenyewe. Bunduki zao zilikuwa za aina moja. Nani angedhani kuna ubaya?

Alfani akapiga wa kwanza. Risasi ikakengeuka, ikagonga ukingo wa mawe, kipande cha jiwe kikamchana mkono mwalimu wao. Na mwalimu huyo, siku iliyotangulia, alikuwa amemtukania Alfani mamake mbele ya watu, na Alfani akamjibu.

Mwaona inavyokwenda? Alfani akafungiwa. Wakasema amekusudia. Akaeleza habari ya kuazimana, wakamwambia darubini ni darubini. Kilichobaki ni fundi kuandika kwamba bunduki ilikuwa sawa, kisha kijana aende jela.

Alfani mwenyewe alinisimulia yaliyosemwa, kwa kuwa alikuwa amesimamishwa palepale.

"Koplo, bunduki hii ina kasoro?" akauliza mkubwa wao.

"Haina, afande."

"Basi tia saini."

"Sitii, afande. Bunduki haina kasoro, lakini kiti si chake. Hiki ni cha Baya."

"Umejuaje, wewe fundi wa mbuzi?"

"Kwa sikio lake, afande. Na kwetu mbuzi wa mtu hapotei."

Watu wakacheka. Kadzo hakucheka. Akaomba bunduki ipigwe tena, na mtu mwengine, na kiti kilekile. Ikapigwa. Risasi ikakengeuka vilevile. Akarudisha kiti cha Alfani mwenyewe. Risasi ikaingia katikati ya shabaha. Alfani akafunguliwa siku hiyohiyo.

Lakini mkubwa aliyeaibishwa mbele ya watu hasahau. Kadzo hakupandishwa cheo tena. Aliingia kwenye kesi ile koplo, akastaafu koplo. Na juzi, wasikilizaji, hakutumwa hata mmoja kutoka kule alikoutumia ujana wake. Hata bendera hatukuiona. Mimi sisahau mambo haya, na ninyi msiyasahau.

Niliwahi kumwuliza, "Mama, huoni uchungu?" Akanijibu, "Uchungu wa nini? Yule mtoto yuko nje. Ungetaka nipande cheo kwa mgongo wake?"

Alfani alikuja mazikoni na mkewe Twaiba na watoto wao. Dini si moja, lakini alishika jembe, akachimba kaburi na wana wa Garama. Kisha akasema maneno machache: "Watoto hawa wamezaliwa nikiwa huru. Mama huyu alinipa hilo, wala hakunidai hata shukrani. Basi leo naitoa bila kudaiwa."

Garama, na ukoo wote wa Mwero, makiwa. Tunawashukuru kwa kutuzalia mtu.

Nawe unayenisikiliza ukiwa hotelini Diani, ofisini Kwale, au dukani kwako: huenda hapo ulipo kuna mtu anasingiziwa. Wewe waijua kweli, na mkubwa amekuletea kalamu. Kadzo alikataa kuishika, na watoto wa Alfani walirudi nyumbani juzi wakimfuata baba yao. Wewe watoto wa nani wanakungoja?