Kipande Changu Kilichobaki Kibaha

Sogeeni wanangu, Badru na Zena, mkae ninapowaona wote wawili, na wewe Badru zima hiyo simu, Kisarawe nzima inajua mama yako yuko safarini. Msinililie. Nimekula miaka sabini na moja, na tisa ya mwisho nimeila baada ya kukatwa titi, tena nimeila kwa mikono miwili.

Mali kwanza, maana ndiyo huwagombanisha waliobaki. Shamba la mikorosho mgawane kwa sheria ya dini yetu, ila ile miche ya bondeni msiiguse, nilishampa Zena tangu masika yaliyopita, na mashimo aliyachimba yeye.

Sasa Badru, lile linalokuuma. Uvimbe niliuficha miaka miwili nikisema ni jipu, na mficha maradhi kifo humuumbua. Walipoukata, Daktari Elinipa, yule binti wa Kipare anayefanya utafiti Kibaha, aliniomba kipande wakihifadhi, wasome alama za saratani, ili siku moja chanjo iwafundishe askari wa mwili kumtambua adui kabla hajajenga. Nikakubali. Wewe ukaja juu: "Mama, nyama yako iwekwe kwenye friji kama kibua?" Ukasusa nyumbani miezi minne. Nilicheka, kisha nikalia, maana nilijua unaogopa mama yako azikwe pungufu.

Sikilizeni nilichokipata huko. Elinipa alitaka wanawake mia mbili wa kuingia kwenye utafiti wa chanjo hiyo, na mwaka mzima alikuwa amepata kumi na tisa. Akatuita sisi tuliopona, mimi na Efrazia wa Visiga. Efrazia akaishika ile fomu ya kukubali kushiriki, kurasa kumi na nne, akamwambia, "Daktari, mmeandika mtachukua damu mara sita, hamkuandika mnaipeleka wapi. Mama wa Mbwawa akisomewa hivi, atakimbia na ndala mkononi." Binti wa watu akavua miwani, akasema, "Basi mama zangu, andikeni nyie." Tukaandika, kurasa mbili. Tukapita nyumba kwa nyumba, Visiga mpaka Mbwawa, mimi nikiwaonyesha kina mama kovu langu na kuwaambia, tazameni, nipo, na pilau bado napika. Kwa miezi saba wakatimia mia mbili, na wengine tukawaomba wasubiri. Siku hiyo tulicheza mdundiko kwenye korido ya maabara, Elinipa naye akajaribu, kiuno kikamgomea, tukacheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Chanjo yenyewe bado inapimwa. Huenda ikafaa, huenda wakaanza upya. Mimi sitaiona, maradhi yamenirudia na kunizidi mbio. Lakini wao wamesogea, na mkono wangu ulikuwemo.

Badru, ulirudi mwenyewe, ukanipeleka Kibaha kwenye kikao chetu kina mama na watafiti, ukakaa nyuma, na njiani ukasema, "Mama, wale wasomi wanakusikiliza." Sijapata kufurahi vile. Lakini jana nimekusikia ukimwambia mjomba wako kwamba nikifa utakwenda kukidai kile kipande, kizikwe nami. Usiende, mwanangu. Nilimuuliza shehe, akaniambia mtazika mlichonacho, na Mola anajua kilipo kilichobaki. Kiacheni kifanye kazi.

Ninyanyueni kidogo... hapo. Zena, Alhamisi kina mama wana kikao. Kiti changu ni chako, na kama hakieleweki walichoandika wale wasomi, sema hivyo hivyo, usione haya. Wewe na binti zako mjipapase matiti kila mwezi. Msiba siku tatu, basi. Efrazia akija, mpeni chakula kabla hajaanza kulia, akilia halagi tena.

Badru... nijibu. Hutakwenda? ... Sema kwa sauti, masikio yanaondoka.

... Zena, amesema nini? ... Amesema hatakwenda, eh?

Alhamdulillahi. Mkono wako, baba. Na wako. Mungu awape... umri wenye afya, na watoto wenu wawazike ninyi, msiwazike wao. Nimeridhika nanyi. Wote wawili. Nimeridhika.