Historia ya Marehemu Vailet Andrew Pazi, Ambaye Hakuridhia

Padre, mchungaji, viongozi wa kitongoji na ndugu waombolezaji, mimi ni Daniel Andrew Pazi, kaka wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia, nami nitasoma taratibu ili majina na tarehe visikike.

Vailet Andrew Pazi alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Kibuta, Kisarawe, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Andrew Pazi na Mama Laurensia, akabatizwa mwaka huohuo katika usharika wa Kilutheri, na jina lake likaandikwa Vailet, kwa herufi hizo, wala hakumruhusu karani yeyote kulirekebisha.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Kibuta kuanzia 1959 hadi 1966, baadaye akaingia mafunzo ya uuguzi na ukunga, akahitimu Desemba 1971, na tarehe 3 Januari 1972 akaanza kazi Magindu, ambako alikuwa akiwafuata wazazi kwa baiskeli hadi kwenye maboma ya wafugaji. Mwaka 1984 alihamishiwa zahanati ya hapa Mlandizi, akahudumu wodi ya wazazi mpaka alipostaafu tarehe 14 Machi 2011.

Tarehe 24 Aprili 1976 alifunga ndoa na Telesphory Mhagama, fundi wa reli, aliyefariki tarehe 6 Juni 2009, wakajaliwa watoto wawili, Imakulata na Deus, na wajukuu watano. Marehemu shemeji yangu alikunywa bia mbili kila Jumamosi, na Vailet ndiye aliyemnunulia, jambo ninalolitaja ili asiwepo wa kusema kwamba familia hii ina ugomvi na bia.

Tarehe 17 Februari 2023 wakazi wa kitongoji hiki waliitwa kwenye mkutano wa maji, na Vailet, ambaye maisha yake yote alifika mapema, akawa wa kwanza kutia sahihi karatasi ya mahudhurio. Mwezi Mei karatasi hiyo, yenye majina sitini na matatu, ilionekana ndani ya jalada la maombi ya Baa ya Karibu Tena, inayopakana na uzio wa wodi ya wazazi, na juu yake pameongezwa maneno kwamba hao ni wakazi walioridhia baa ifunguliwe hadi saa tisa usiku. Aliyeyaongeza maneno hayo hajajitaja mpaka leo. Namba nne alikuwa Mwalimu Mwinjuma Abdala wa madrasa, ambaye hajapata kuonja pombe, naye alipooneshwa akasema, "Dada Vailet, wameninywesha kwa kalamu!"

Vailet akaandika pingamizi, akalipeleka ofisi ya leseni kwa miguu yake mwenyewe, na karani alipomuuliza, "Mama, kwani hii si sahihi yako?" alimjibu, "Sahihi ni yangu, mwanangu, maneno ya juu si yangu." Alirudi kule mara tatu, ya mwisho tarehe 22 Agosti mwaka huu, akitembelea mkongojo, kwa sababu tangu Januari figo zilikuwa zimeanza kumsumbua, na vijana wa baa walipomtania, "Bibi, nenda kalale," aliwajibu kwamba hicho hasa ndicho anachokidai.

Alifariki Jumapili, tarehe 8 Septemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Juzi Jumatatu, kabla hatujachimba kaburi, tuliarifiwa kwa simu kwamba pingamizi limefungwa kwa kuwa mwenye kupinga hayupo tena, na kwamba kikao cha leseni kitakaa Alhamisi, tarehe 19, kama kilivyopangwa. Nikauliza kama jina lake limefutwa katika orodha ya walioridhia, nikajibiwa kwamba limebaki. Yaani dada yangu akiwa maiti hawezi kupinga, lakini anaweza kuridhia. Familia inalikataa jambo hilo mbele yenu na mbele ya jeneza hili.

Pembeni ya daftari la rambirambi ipo barua ya pingamizi jipya, ambayo mimi na Mwalimu Mwinjuma tumekwisha kuitia sahihi. Ninyi mliosalia katika wale sitini na watatu, someni kwanza maneno ya juu, yote, ndipo mwandike majina yenu kamili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, wakunga wenzake waliokuja na sare zao, na Mwalimu Mwinjuma na waumini wake waliochimba kaburi.

Vailet Andrew Pazi, pumzika kwa amani, Alhamisi tutakuwa pale kabla mlango haujafunguliwa.