Firigisi Kwenye Sahani ya Afande

Kijiwe chetu kiko nyuma ya maduka ya Kabalagala, hapa Kampala, benchi moja refu mbele ya jiko la kahawa la Zuleika. Jumatatu asubuhi Makokha, Mkenya muuza spea za pikipiki, alikuja amenyong'onyea kabisa. Jana yake alikuwa amekwenda kula kwa kina Aol, mchumba wake, mara ya kwanza. Baba yake Aol ni afande mstaafu wa polisi, mtu wa kaskazini, na bila yeye kukubali hakuna ndoa. Nilimhurumia, ila nilisogea karibu nisikie vizuri.

— Mama yake alinipakulia kuku, akaniwekea firigisi. Mimi nikaichukua, nikaweka kwa sahani ya mzee.

— Ati nini? Kamanda, mwanajeshi wa zamani, akaweka kikombe chini.

— Kwetu firigisi ni ya baba. Nikiwa na miaka sita niliiba moja kwa sufuria, nyanya akanisimamisha mlangoni mpaka watu wote wakamaliza kula. Jana mkono ulienda wenyewe!

— Mzee akasema nini? nikauliza.

— Hakuna kitu.

Profesa, anayefagia madarasa ya Chuo Kikuu cha Kyambogo lakini huongea kama ndiye anayefundisha, akakohoa.

— Wewe umerudisha zawadi. Yaani umekataa binti.

— Mbaya zaidi, Kamanda akasema. Mzee anajua ulidhani iko na sumu, ukataka yeye aonje!

— Na vile ni polisi, sasa anafungua faili, Profesa akaongeza.

— Faili gani? Kamanda akadakia. Saa hii picha ya Makokha iko mpakani Busia asitorokee Kenya, ssebo! Mifupa ya kuku ndiyo ushahidi!

— Mumuache maskini, bambi, Zuleika akasema. Hamuoni analia?

Kweli, Makokha alikuwa analia.

— Mimi nampenda Aol, akasema.

Hapo hapo Aol mwenyewe akashuka kwenye bodaboda.

— Makokha, mbona umezima simu? Tangu jana nakutafuta!

— Nilijua baba amekasirika.

— Akasirike nini? Alikula ile firigisi polepole mpaka ikaisha. Ulipoondoka akasema, huyu kijana amelelewa. Amenituma nikuulize: wazee wako wanakuja lini kuposa?

Profesa akamtazama Kamanda, Kamanda akatazama kahawa yake. Kisha Zuleika akapiga vigelegele mpaka wenye maduka wakatoka nje, na Kamanda, aliyekuwa ameshamfunga jela kwa maneno, akambeba Makokha begani akizunguka naye barabarani. Nami nilipiga kelele kwa furaha mpaka sauti ikakauka.

— Lakini lini? Aol akauliza tena, akicheka, na hakuna aliyemsikia.