Ng'ombe za Ekaale Hazikujipeleka

Silvano Ekaale Esekon alizaliwa Ngaremara mwaka wa 1931. Babake alikuwa anasema ni 1932, lakini babake pia alikuwa anasema aliua simba kwa teke, kwa hivyo familia imechukua ya mama. Alikuwa kifungua mimba wa Esekon na Nakiru. Kitinda mimba ni Ekidor, ambaye ndiye anawasomea hii historia ya marehemu, na ambaye sura nzuri yote ya hiyo nyumba ilimngojea yeye. Ekaale alipewa akili na miguu mirefu, akashukuru.

Alisoma shule ya misheni hapo Isiolo kutoka 1941 mpaka 1944. Hesabu aliweza sana. Alitolewa kwa sababu mbuzi ziliongezeka na wachungaji hawakuongezeka. Ekidor naye alitoka darasa la pili, lakini huyo alitoka kwa sababu walimu waliishiwa na vitu vya kumfundisha. Ekaale alibatizwa Krismasi ya 1943, akapewa jina Silvano. Hilo jina lilikaa kwa sanduku na cheti chake. Sokoni hakuna mtu alilijua, hata ng'ombe zake hazikulijua. Tafadhali mkumbuke hapo, tutarudi.

Mwaka wa 1953 alianza kazi na Mzee Boru Tadicha, dalali wa Garbatulla, ambaye ameletwa leo na wajukuu wake na amekaa hapo mbele. Walikuwa wananunua ng'ombe Merti na Garbatulla, wanazitembeza mpaka soko ya Isiolo. Mzee Boru ndiye alimfundisha kuuza ndani ya shuka. Vijana wa siku hizi hawajui, wacha waambiwe. Muuzaji na mnunuzi wanashikana mkono, shuka inatupwa juu, na vidole ndio vinaongea bei. Watu wamesimama pale wanaona nyuso tu. Ukikubali unabana. Ukikataa unavuta mkono, unaenda zako, hakuna matusi, hakuna aibu, hakuna mtu atajua ulikataa nini.

Bwana Kiugu, mchinjaji wa kutoka Meru, alikuwa na mtekenyo mbaya. Ekaale akianza kutaja bei kwa vidole, Kiugu anacheka mpaka machozi, na soko yote inafikiria ng'ombe inapeanwa bure.

"Wewe Mturkana," Kiugu alimwambia siku moja, "unaniuzia ng'ombe ama unanichumbia?"

"Ng'ombe ni yangu, mkono ni wako," Ekaale akamjibu. "Ukichoka, vuta."

Hiyo ndiyo ilikuwa siasa yake yote. Hakuwa adui wa serikali. Kodi alilipa, bendera alisimamia hata kwa jua. Lakini alisema serikali imkamatie mwizi na imtengenezee barabara, halafu imwachie ng'ombe yake, kwa sababu siku inazaliwa hakuona ofisa hapo akishika taa.

Mwaka wa 1958 alifunga ndoa na Jecinta Akiru, na Mungu aliwapa watoto wanne. Jecinta alikuja na ndugu yake, Lokorio, ambaye alimsindikiza dadake kwa ndoa akasahau kurudi. Ekaale hakumkumbusha. Alimpa mahali pa kulala, akampa kazi, akamfundisha shuka vile yeye alifundishwa na Mzee Boru. Ng'ombe zote zilikaa boma moja hapa Ngaremara, na Lokorio ndiye alizichunga. Zilikuwa na chapa ya Ekaale, upinde kwa paja la kushoto. Mtu yeyote kutoka hapa mpaka Merti akiona huo upinde alijua mwenyewe. Ekaale alikuwa akisema, "Mimi sina ndugu wawili, niko na watatu: Ekidor, Lokorio na Ekidor akiwa amelewa."

Mwaka wa 1981 ikakuja Bodi ya Mnada. Ilianza polepole. Kwanza kibali cha kuvusha ng'ombe mto. Halafu kibali cha kuitembeza. Halafu wakajenga uwanja wa waya nje ya mji, wakasema kuanzia mwaka ujao ng'ombe zote zitauzwa huko ndani, bei itaandikwa kwa ubao na Bodi, na madalali watafute kazi ingine. Ofisa wao alikuja sokoni akasema shuka ni ya kuficha wizi. Mzee Boru akamwuliza, "Na hiyo suruali yako inaficha nini?" Soko ilicheka siku mbili, lakini waya haikuondoka.

Ekaale ndiye alikusanya wafanyabiashara. Aliwaambia Bodi haina ng'ombe hata moja, ina waya na ubao. Siku ya kufungua uwanja wageni wakubwa watakuja. Wakikuta uwanja mtupu, wataona haya, wataacha watu wauze vile wanataka. Walikubaliana kwa njia yao. Kila mtu alishika mkono wa mwenzake ndani ya shuka, akabana, kumaanisha ng'ombe yake haitaingia. Ekaale alimpa mkono Lokorio. Alisema baadaye kwamba Lokorio alibana mpaka pete ikamwachia alama.

Kosa ni hilo, na hakuna mtu mwingine angelifanya isipokuwa watu wa soko yetu. Neno la ndani ya shuka halina shahidi.

Wiki ya kufungua, Ekaale alipanda lori akaenda Merti kuwaambia wafugaji wasilete mifugo. Jumanne, tarehe 9 Februari 1982, asubuhi, Lokorio alikuja kwa boma.

"Dada, fungua," alimwambia Jecinta. "Shemeji amesema nizipeleke maji."

"Maji gani leo? Si zilikunywa jana?"

"Kwani wewe ndiye mwenye ng'ombe?"

Jecinta akavuta miiba, akafungua. Ni ndugu yake. Angemfungia kwa nini?

Lori ilimshusha Ekaale mjini ile saa kipaza sauti cha Bodi kilikuwa kinaongea. Alisikia jina lake, na si lile la sokoni. Kipaza sauti kilisema Bodi inamshukuru mwananchi wa kwanza kuleta mifugo, kiongozi wa wengine, Bwana Silvano Ekaale. Silvano! Lile la kwa sanduku. Kama kuna mtu alilipeleka kwa Bodi, alilitoa ndani ya nyumba. Ekaale alikimbia mpaka kwa waya akaona ng'ombe zake zote, upinde kwa upinde, na watu wote wa soko wamesimama wanaziangalia.

Aliwaambia si yeye. Wakamwuliza, "Kwani zilijipeleka?"

Jecinta alisema ni nani alizitoa. Wakasema, mke atasemaje? Ekidor alisema, tena kwa sauti, tena na rungu. Wakasema, ndugu atasemaje? Lokorio mwenyewe alisimama hapo na filimbi mpya ya Bodi kwa shingo, akaangalia ubao wa bei kama mtu anajua kusoma. Kabla ya jua kuzama wote walikuwa wamepeleka zao. Kama Ekaale ameingia, nani atabaki nje?

Jioni Ekaale alimfuata. Lokorio alikuwa amevaa koti ya kaki ya Bodi, mikono imepita vidole.

"Shemeji, kwa nini?"

"Wangeingia tu. Leo, kesho, wangeingia. Serikali haishindwi na shuka."

"Sikuulizi serikali. Nakuuliza wewe. Waambie ni wewe ulizileta."

"Nikisema, nani atakaa na mimi?"

"Na mimi nani atakaa na mimi?"

Lokorio alifunga vifungo vya koti, akaenda kupiga filimbi.

Tangu siku hiyo hakuna mtu alimpa Ekaale mkono isipokuwa Mzee Boru. Boru alimwuliza mara moja, "Ni wewe?" Ekaale akasema siye. Boru akatupa shuka, akamshika, na hawakurudia hiyo maneno. Wengine walimwita Silvano. Akipita sokoni wanamwambia, "Silvano, ng'ombe zako hazijajipeleka leo?" Alikuwa amezoea kutania watu, na alijua utani vizuri. Huo haukuwa utani.

Mwaka wa 1984, ile kiangazi mlikuwepo wote, ng'ombe za watu zilifungiwa kwa uwanja wa Bodi zikingojea kibali cha kutoka. Mwenye kusaini alikuwa ameenda safari. Majani kidogo yalikuwa ng'ambo ya waya, zinayaona. Ekaale alienda saa sita mchana, na watu wote wanaona, akakata waya, akazitoa. Hakuna hata moja ilikuwa yake. Lokorio alipiga filimbi, askari wakakuja. Ekaale akiwa na pingu, mwenye ng'ombe mmoja alimwambia, "Si wewe ulizipeleka? Leo unazitoa?" Hiyo ng'ombe ya huyo mtu ilipona.

Alitoka rumande na kikohozi. Kutoka 1986 kilikataa dawa, na mwaka huu, mwezi wa tano, alilazwa hospitali. Lokorio alikuja kumwona, hana koti, amebeba shuka. Jecinta alikuwa hapo na Ekidor alikuwa hapo. Lokorio alikaa kwa kitanda, akatupa shuka juu ya mikono yao, kama zamani, akaingiza mkono. Alikuwa analia. Vidole vilikuwa vinatembea ndani ya shuka, vinaomba.

Ekaale alivuta mkono, akautoa nje.

"Shemeji, hapo ndani ni mahali pa bei," alisema. "Jina langu lilichukuliwa na kipaza sauti. Sema hapa nje, hawa wagonjwa wasikie."

Mzee mmoja wa kitanda cha dirishani aliinuka kusikia vizuri. Lokorio aliangalia watu, akaangalia sakafu, akakunja shuka vizuri sana, pembe kwa pembe, akaondoka. Ekaale aliaga dunia Alhamisi, tarehe 9 Juni 1988, asubuhi, mkono wake ukiwa nje ya blanketi.

Ameacha mjane, Jecinta. Watoto Roda, Esekon, Florence na Peris. Mdogo wake Ekidor. Wajukuu ambao hawatulii tuwahesabu. Rafiki yake Mzee Boru. Na shemeji, Lokorio.

Lokorio yuko hapa leo. Alichimba hili kaburi tangu alfajiri, na hakuna mtu alimtuma wala kumfukuza. Ni mjomba wa hawa watoto. Watu wa soko pia wako hapa, wale wa "kwani zilijipeleka." Kwa programu mtaona baada ya wimbo wa pili tumeacha nafasi, kabla ya mchanga, hatukuandika jina. Hiyo nafasi si amri. Vijana wengine walitaka ashikwe asemeshwe kwa nguvu, na Ekidor mwenyewe alikuwa ameshika rungu. Mama Jecinta akakataa. Alisema mzee wake hakuwahi kumlazimisha mtu kuuza, hatalazimishiwa mtu siku ya kuzikwa. Anayetaka kusema, kaburi bado iko wazi na watu wote wanasikia. Asiyetaka, avute mkono wake aende.

Apumzike kwa amani Ekaale wetu, huko ambako hakuna waya, na hakuna mtu atamwuliza kibali.