Malaika Aliyezama Jichoni

Sikilizeni wanangu, kabla gari la Kigali halijaita abiria wake. Sano, wewe uko mlangoni, nasikia unavyochezea funguo. Iribagiza, wewe uko dirishani na umenipa mgongo, maana sauti yako inagonga kioo kwanza ndipo inanifikia. Jicho langu limefunikwa kwa kuwa mwanga unalichoma, lakini mtu aliyefundisha darasa la kwanza mpaka mvi zikamjaa hahitaji macho kujua nani kakaa mbali na nani. Msinikatize mpaka nimalize, kwa sababu nguvu niliyo nayo leo ni ndogo na maneno ni mengi.

Nawasemesha kwa Kiswahili, si Kinyarwanda, kwa kuwa hiki ndicho nilichowafundishia kusoma kule Karagwe tulikokuwa wakimbizi, mimi Mukantwari na marehemu baba yenu Rutagengwa, na neno zito likisemwa kwa lugha ya darasani hutulia mahali pake. Kesho daktari atalifungua jicho hili. La kushoto mnajua lilikufa kwa mwiba nikiwa mtoto, basi hili ndilo pekee. Amesema wazi kwamba linaweza kupona na linaweza kupotea, na kwamba moyo wangu nao umechakaa, ila yeye ana matumaini, nami ninayo. Lakini anayekwenda kulala chini ya kisu huufunga mzigo wake kwanza, asiwaachie wengine kamba zinazoning'inia.

Mnakumbuka nilivyokuwa. Mtoto wa jicho alikuwa amenifunika kama ukungu wa Mudende asubuhi, nikawa nawatambua watu kwa viatu vyao na kikohozi chao. Mliniambia nikatibiwe, nikasema mwakani, na mwakani ikazaa mwakani nyingine, kwa kuwa niliogopa. Ndipo mvua zilipoanza tukapanda Mudende kumtazama ng'ombe wetu Gaju. Nikainama kumpapasa tumbo nijue kama ndama anacheza, naye akatikisa kichwa kufukuza nzi, pembe ikanipiga jichoni. Hakukusudia, maskini. Nzi ndio waliokusudia.

Uvimbe uliposhuka nikafumbua jicho, na ukungu haukuwepo! Nikaona bluu. Sikujua kwamba ni ziwa, niliona bluu tu. Kisha nikaona njano inatembea, kumbe ni kitenge chako, Iribagiza. Vitu havikuwa na kingo, vilichujuka kama rangi kwenye karatasi iliyolowa, lakini nililia kama mtoto aliyepewa chaki yake ya kwanza. Na kila nilipoinama kusali, niliona kitu cha mviringo, cheupecheupe, kikipita polepole katikati ya mwanga. Jirani yetu Cansilde, aliyekulia Goma na ambaye sijawahi kumsikia amenyamaza, akaruka: "Mama Mwalimu, hiyo ni malaika! Iko inakulinda!" Wewe Iribagiza ukanishika mkono ukanisimamisha kanisani, nikashuhudia, kwaya ikaimba mpaka mabati yakatetemeka. Hata mchungaji akauliza kama ng'ombe naye angeweza kuletwa.

Kisha malaika akaanza kuuma. Jicho likawa jekundu, kichwa kikapasuka, nikawa natapika, na zile rangi zikaanza kuzima moja moja kama taa za Goma, ng'ambo ya mpaka. Sano ukanibeba ukanipeleka kwa daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, akanimulika, akanimulika tena. Akaniita bibi kizee kwa lugha yetu, akasema, "Mukecuru, hicho unachokiona kikipita ni kioo cha jicho lako mwenyewe."

Nikamwomba anieleze kama mtoto wa darasa la tatu, naye akanieleza, nami nawaeleza hivyo hivyo. Nyuma ya mboni mna kioo kidogo kama punje ya dengu, wenyewe hukiita lenzi, kimeshikwa pande zote na nyuzi nyembamba sana. Za kwangu uzee ulikuwa umezilegeza. Pembe ilipogonga, za upande mmoja zikakatika. Za upande wa pili zikavuta zenyewe kwa muda, zikachoka, na kioo kikaanguka nyuma kikazama ndani ya jicho pamoja na ukungu wake wote. Ndiyo maana niliona: pazia lilikuwa limeanguka sakafuni. Lakini pazia la namna hiyo huharibikia hapo lilipolala, presha ya jicho hupanda, na jicho hufa. Basi daktari atatoboa vitundu kwenye weupe wa jicho, atatoa ute uliomo, atakivunja kile kioo kilichozama akinyonye kidogo kidogo, kisha atanitundikia kioo kipya na kukishikiza kwa uzi mwembamba kuliko unywele, kwa kuwa nyuzi za zamani hazipo tena za kukibeba.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma kuliko jicho. Sano, ulisimama uani kwa kanisa ukawaambia waumini, "Malaika wenu ni lenzi, kaiimbieni lenzi!" Na wewe Iribagiza ukamjibu kaka yako, "Na wewe Mungu wako ni mkasi!" Tangu siku ile hamjala sahani moja. Cansilde naye anakuja kila asubuhi kunipulizia moto: "Mama Mwalimu, Mungu alisha kukufungulia, donc sasa munganga anaenda kutafuta nini mule ndani?" Na mimi katikati, jicho moja, watoto wawili.

Sano mwanangu, ulikuwa na ukweli mkononi, ukaurusha kama jiwe. Miaka yote ile nilisahihisha makosa ya watoto, lakini sikumsahihisha mtoto ili wenzake wamcheke, kwa kuwa aliyechekwa hasikii tena, hata ukimwambia kwamba nyumba inaungua. Dada yako hakusema uongo. Aliona mama yake anaona.

Na wewe Iribagiza, usidhani nairudisha zawadi. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, nami nilikuwa nimekufa vyote viwili, nikijiita mvumilivu. Mtu aliyesahau bluu hana haraka ya kutibiwa. Pembe ya Gaju ilinikumbusha, na leo nakwenda Kigali kwa hiari yangu kwa sababu nilionjeshwa mwanga nikautamani tena. Kama huo si mkono wa Mungu, basi sijui mkono wake ukoje. Ila mkono huo haukatai kusaidiwa na mkono wa yule binti daktari. Kwa hiyo kesho hutamwombea malaika. Utaiombea mikono ya daktari isitetemeke.

Nipeni maji... Asanteni.

Gaju asiuzwe. Najua, Sano, umeshaongea na mchinjaji, kwa hasira ya kunipenda. Tuliporudi nchini hatukuwa na kitu ila mikeka, na Hitimana, aliyekuwa hatujui, akatupa mtamba ili watoto wapate maziwa. Gaju ni wa uzao wa mtamba yule, na mnajua desturi ya kwitura: aliyekupa ng'ombe humrudishia ndama. Kila ndama tuliyemtenga kwa ajili yake alikufa kabla ya kuachishwa kunyonya, na Hitimana akaondoka duniani akingoja bila kulalamika. Aliye tumboni sasa ni wa watoto wake. Sano, wewe utampeleka, kwa miguu na fimbo, si kwa gari, watu waone. Gaju mwenyewe atakuwa wa Iribagiza, na wa kumkatia majani ni Sano. Ndiyo, nimekusikia unaguna. Utakata.

Shamba la viazi la Kanzenze silipasui. Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Wakipatana, shika kapu ukavune. Majirani wameshaviandaa vyote viwili. Msiwape nafasi. Na nyumba hii ya Nengo... hii siigawi kabisa, kwa kuwa nina nia ya kurudi kuishi ndani yake. Nisiporudi mtajua la kufanya, maana mtakuwa mmeshazoea kuzungumza.

Nimechoka. Kichwa... ngojeni kidogo.

Siku ya kufunguliwa bandeji, simameni wote wawili mbele yangu. Asiniambie mtu nani yuko wapi. Niacheni nisome mwenyewe. Nikishindwa kuwasoma, nitaita majina, nanyi mtaitika kama darasani, na hilo nalo litanitosha. Mungu awape maziwa, awape na wa kuwanywesha. Awape macho ya kuonana mapema, kabla pembe haijawagonga. Baba yenu angesema zaidi. Mimi pumzi... pumzi ndiyo hii.

Honi hiyo. Basi tujaribu kidogo, nijue darasa langu likoje.

Sano.

Vizuri.

Iribagiza.

Iribagiza?

...Haya. Nimesikia. Na masikio yangu hayana ukungu: sauti zote mbili zimetoka upande mmoja.

Nishikeni mikono. Huku mmoja, huku mwingine. Twendeni.