Umeme wa Reino Unaenda Wapi

Benchi lipo nje ya mgahawa wa kituo cha mafuta, Nipigon, mji mdogo wa Kanada, pale barabara kuu inapokata kona kulifuata ziwa. Theluji ikishaondoka, wastaafu wale wale hulikalia kila asubuhi na vikombe vyao vya kahawa, wakitatua matatizo ya dunia kabla ya saa nne. Jumamosi hiyo tatizo lilikuwa la Reino Lahti. Pikipiki yake ya safari, pana kama ng'ombe na yenye umri wa miaka thelathini na minane, ilikuwa ikinguruma mbele yao, na hata akiizidishia mafuta, sindano ya volti ilibaki kumi na moja na nusu, wakati betri huchajiwa ikifika kumi na nne. Asubuhi hiyo ilibidi aondoke na mkewe Arlene kwenda mji wa Wawa, kwenye harusi ya mpwa wao. Mwaka jana walikwama njiani mara mbili, na Arlene alishatamka: ikizimika tena, yeye ni gari mpaka kufa. Miaka thelathini alikuwa amekaa nyuma ya Reino. Reino hakutaka hata kukifikiria kile kiti kikiwa kitupu.

— Koili ya chaji hiyo, imeungua, alisema Gaston. Walimwita Profesa, kwa vile alifanya kazi kwenye taa za reli na tangu hapo hakuna waya asioujua.

— Nimeibadilisha mwezi wa tatu, alisema Reino. Koili ya tatu hiyo. Na kuifikia lazima ushushe injini nzima. Muulize mgongo wangu.

— Basi ile plagi ya nyaya za njano.

— Nilishaikata, nikaunganisha nyaya kwa kuzilehemu.

— Mnapoteza muda tu, aliingilia Wilf, ambaye jina lake la benchi ni Kutu, kwa sababu ya chuma chakavu kilichojaa uani kwake. Betri uliiweka wapi wakati wa baridi?

— Gereji.

— Chini?

— Chini.

— Si ndiyo hiyo. Saruji inanyonya betri, bwana. Marehemu baba yangu aliiweka yake juu ya ubao, na trekta lake liliwaka mpaka siku ya mwisho.

— Trekta la baba yako lilizama ziwani, Kutu.

— Lilizama likiwa linawaka.

Profesa akapuliza kahawa yake kwa dharau.

— Acha porojo. Haya majabali ya huku yamejaa chuma. Kila ukipita, yanakunyonya umeme kidogo. Miaka thelathini na minane, jumlisha mwenyewe.

— Mbona pikipiki yangu hayaivuti? aliuliza Kutu.

— Yako haina cha kuvutwa.

— Haya, msomi, nijibu hili, alisema Kutu. Zile taa za mbinguni wiki iliyopita, zile za kijani zinazocheza usiku, umeme zinautoa wapi?

— Kwa hiyo pikipiki ya Reino ndiyo inawasha mbingu.

— Sijasema peke yake.

Dereva wa lori la magogo, mwanamke wasiyemjua, alikuwa amesimama na kahawa yake akisikiliza. Akaizunguka pikipiki polepole. Taa nne kubwa za kumulikia wanyama barabarani. Redio yenye spika sita. Taa za rangi za gwaride la Krismasi. Kiti cha nyuma chenye joto.

— Hivi vyote ilizaliwa navyo?

— Hapana, alisema Reino.

— Ushawahi kuchomoa kimoja ukapima?

Taa nne zilikuwa zawadi ya Profesa, Reino alipofikisha miaka sitini. Redio na taa za gwaride alivifunga Kutu mwenyewe. Reino alikuwa na mita nyumbani, na siku zote alihisi jibu lake, ndiyo maana hakuwahi kupima. Aliona heri kushusha injini mara tatu kuliko kumwambia rafiki yake kwamba zawadi yake inaua betri. Aliona aibu, na aliwapenda wale wazee wawili kuliko alivyowahi kusema.

Mwanamke akapanda lori lake, akaenda zake.

— Chomoa redio yangu, alisema Kutu.

— Redio inakula nini? Taa zangu ndizo zenye ulafi. Toa taa.

— Sikia huyu, sasa anataka sifa.

Wakainuka wote wawili, kila mmoja akivuta waya wake huku wakisukumana kwa viwiko. Sindano ikapanda mpaka kumi na tatu, ikagoma hapo.

— Bado kidogo, alisema Profesa.

Arlene alikuwa ametoka mgahawani na kofia yake mkononi. Aliinama, akachomoa waya wa kupasha joto kiti chake. Sindano ikafika kumi na nne.

— Hicho kiache, alisema Reino. Kule ziwani utaganda.

— Shemeji, msikilize mumeo, alisema Kutu.

Arlene alishapanda.

— Nikiganda nitakukumbatia zaidi, alisema. Twende, Reino.