Fundi Koti na Vitambaa Arobaini na Kimoja

Tarehe thelathini Juni, Fundi Koti anakabidhi funguo za chumba cha boila na kustaafu, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha nguo kwa miaka thelathini na minne. Jina lake kamili limo kwenye faili la utumishi, na limetulia humo bila kusumbuliwa na mtu. Mabomba ya mvuke yakiachwa wazi hupoteza joto na kuunguza watu, kwa hiyo hufunikwa, na kufunika huko yeye aliita kuyavalisha koti. Jina likaanzia hapo.

Alianza kama msaidizi wa fundi, akapanda hadi kuwa msimamizi wa chumba cha boila. Alivalisha kila bomba kuanzia boila hadi idara ya kutia rangi, tena kwa maringo ya fundi cherehani. Bomba likikata kona, alilipima kwa kamba, akachora kwa chaki, akakata, akashona kwa waya. Meneja mmoja mwenye haraka zake aliwahi kumuuliza kama bomba linakwenda harusini. Fundi alimwomba kwa upole ajaribu kuliegemea likiwa uchi. Meneja hakujaribu.

Makoti hayo yalikuwa ya asbesto. Kitambaa chake kilikuja kwenye maboksi yenye maandishi mekundu, kwa lugha ambayo hakuna mtu stoo aliyeijua. Tulidhani ni anwani ya waliokitengeneza. Lilikuwa onyo. Kwa miaka kumi na mitano, hadi kiwanda kilipoanza kununua aina nyingine, Fundi alikata, akavuta vumbi lake, akajikung'uta mlangoni na kwenda kula.

Na kwa kuwa hapendi kutupa kitu, mabaki aliyakunja mara mbili, akayapindia ukingo mwekundu, akatugawia vitambaa vya kuepulia sufuria. Aliyeoa alipewa, aliyejifungua alipewa, aliyehama nyumba alipewa. Alituhakikishia kwamba haviungui, na kweli havikuungua. Kina mama wakwe walikuwa wanaviagizia.

Mwaka juzi kikohozi kilimng'ang'ania. Daktari alimuuliza kama anavuta sigara. Hajawahi kuvuta hata moja. Akamuuliza kazi yake, na Fundi, kama tunavyomjua, akaanza kumweleza habari za makoti tangu kamba na chaki. Alitusimulia baadaye kwamba hajawahi kusikilizwa vizuri namna ile, na kwamba alikuwa anafurahi mpaka alipomtazama daktari usoni. Ilikuwa saratani ya mapafu, na iliyoileta ni ile asbesto ya ujanani. Alifanyiwa upasuaji, sehemu ya pafu la kulia ikaondolewa. Matibabu yanaendelea.

Swali lake la kwanza kwa daktari halikuhusu pafu lake. Aliuliza kuhusu vile vitambaa. Daktari alimweleza kwamba hatari yake ni ndogo sana kuliko ya mtu aliyekata asbesto kila siku, ila vikichakaa hutoa vumbi, kwa hiyo ni bora visiwepo. Fundi alirudi nyumbani na neno moja tu, visiwepo. Akaketi mezani na mkewe, wakamkumbuka mmoja mmoja kila aliyewahi kupewa. Nyumba arobaini na moja.

Aliwaomba wakaguzi wa afya kazini wamfundishe namna ya kuvishika, kisha akaanza kuzunguka kila Jumamosi akiwa na barakoa, glavu, chupa ya kunyunyizia maji na mifuko ya plastiki. Tuseme ukweli, tulimcheka. Shemeji yake alisema hajawahi kuona mtu anadai zawadi ya harusi wakati maharusi wenyewe wana wajukuu. Bibi mmoja alimtolea kitambaa kingine kabisa. Fundi aliutazama mshono, akamwambia kwa heshima kwamba hata usingizini hawezi kushona hivyo, na bibi akaenda kukionyesha chenyewe.

Arobaini vilipatikana. Cha mwisho kilikuwa kwa mtunza stoo, ambaye ndiye anayeandika maneno haya. Nilipewa siku nilipohamia chumba changu cha kwanza, nikiwa na sufuria moja na sina mtu mwingine wa kuniletea chochote. Alipokuja mara ya kwanza nilimdanganya kwamba nimeshakitupa. Mara ya pili nilisema nitatafuta. Kilikuwa kwenye msumari juu ya jiko, na niliona kukirudisha ni kumwambia mtu mwema kwamba wema wake ulikuwa sumu. Mara ya tatu alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne kwa mapafu yale. Alikaa kwenye ngazi ya juu kabisa dakika kumi kabla ya kuweza kuongea. Alisema tu, "Dada wa stoo, nipe, na mimi nikapumzike." Nilimwonyesha msumari. Hakuniruhusu nikiguse. Alikilowesha, akakifunga kwenye mifuko miwili, akanishukuru, akashuka ameshika ukuta. Nilimwonea uchungu, na mimi mwenyewe nilijionea haya.

Kwa sababu ya mizunguko hiyo, uongozi uliwaita wakaguzi. Makoti ya zamani yaliyosahaulika chini ya sakafu ya idara ya rangi yakaondolewa, na wote tuliofanya kazi humo tunapimwa mapafu kila mwaka. Wenzetu wawili wamegundulika mapema na wanatibiwa. Mmoja amenikataza kumtaja, lakini ameniruhusu kusema asante kwa niaba yake.

Fundi, tulipokuuliza unataka zawadi gani, ulisema hutaki kitu. Hatukukusikia. Kila nyumba uliyobisha hodi imekushonea kitambaa kimoja cha kuepulia sufuria, kwa pamba ya kiwanda hiki hiki, ukingo mwekundu. Mishono mingine itakuudhi. Mkeo ameshalalamika kwamba ana sufuria nne tu. Hivi vinaungua, kwa hiyo uwe mwangalifu.

Tunakushukuru kwa kila bomba ulilolivalisha, na zaidi kwa vitambaa ulivyotunyang'anya. Tunakutakia maisha mema, marefu, yenye pumzi nyingi na ngazi chache. Na vitambaa vyako arobaini na kimoja kaa navyo kwa amani. Hatutakuja kuvidai.